Kura Niliyomkopesha Wanjiru

Ruiru,
Machi 1957

Baba yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa mikono miwili, wewe na Mama na wote mlioko hapo nyumbani Maragoli. Sisi huku tu wazima. Mume wangu Elija ana mafua tangu mvua zianze, lakini hayamzuii kupiga kelele kiwandani. Kadenyi ameota meno mawili mapya na anauma kila kitu, hata Biblia yangu ameiuma pembeni. Je, goti lako? Na Mama, anapumzika mchana kama nilivyomwagiza? Mwambie mkunga wa Ruiru, yaani mimi, akisikia hapumziki atakuja mwenyewe.

Barua yako nimeisoma mpaka imechakaa. Umeuliza kama nilipiga kura hii ya kwanza ya sisi Waafrika, kama ni kweli nilipewa tatu, na nilimpigia nani. Swali hilo la mwisho ndilo lililonichelewesha kujibu. Nilicheka peke yangu niliposoma kwamba wewe ulipewa moja, ukaenda kuwatangazia wale wazee waliokucheka uliponipeleka shule kwamba msichana wako amekupita. Wamesema nini? Niandikie maneno yao yenyewe, usiyafupishe.

Ndiyo Baba, tatu. Bwana aliyekuja kuandikisha wapiga kura aliniuliza masomo yangu, mshahara wangu na miaka niliyofanya kazi hapa zahanati ya shamba. Kila nilipojibu alinitazama upya kama mtu anayenunua ng'ombe, mwishowe akasema, "Mama, wewe kura tatu." Elija alikuwa nyuma yangu. Yeye ni nyapara wa kiwanda cha kuoshea kahawa tangu kabla hajanioa, na alipata moja. Ungeuona uso wake! Njiani alitangulia mbele. Tulipofika kwenye mfereji wa maji akasimama.

"Mama Kadenyi, hiyo ya tatu utaifanyia nini?"

"Nitaifikiria," nikamwambia.

Akaangua kicheko, nami nikacheka, na kabla jua halijazama alikuwa amekwisha tangaza kwenye laini yote ya nyumba za wafanyakazi kwamba nyumba ya Elija ina kura nne. Watu walikuja kunitazama, Baba. Mpishi wa bwana shamba aliniuliza kama hizo tatu zinaniumiza kichwa. Kila mtu alitaka kujua sheria hii imetoka wapi, kwamba mtu mmoja ahesabiwe watatu na mwingine asihesabiwe hata nusu.

Wagombea huku walikuwa watatu. Majina yao hayana haja, sisi tuliwaita tu mwenye miwani, mwalimu na mkulima. Mtu wa mwenye miwani alisikia habari za kura nne akaja kwetu kwa baiskeli siku ya Jumapili. Alikula jogoo wetu mwekundu, paja moja baada ya lingine, na alipomaliza Elija alimsindikiza mpaka njiani akimwambia, "Nyumba hii hesabu nne, usihangaike." Mimi nilikuwa naosha sahani. Hakuna aliyenigeukia kuniuliza.

Nilichukia kidogo, sitakuficha. Basi Jumamosi iliyofuata, nilipokwenda Thika kuchukua dawa za zahanati, nikapita kwenye ukumbi walipokuwa wakihutubia nikasimama nyuma na kikapu changu. Nilitaka kuwaona kwa macho yangu. Mwenye miwani alizungumza vizuri sana, na nilipotoka nje sikukumbuka hata neno moja. Mwalimu alisema juu ya shule za wasichana na nyumba ya kuzalia akina mama kila tarafa, na mimi nilipiga makofi mpaka kikapu kikaanguka. Mkulima hakujua kuhutubia. Alikuwa akishika kofia yake na kuizungusha. Lakini alisema jambo moja, "Wako wanawake hapa hawajui kama waume wao wako hai. Nikiingia kwenye baraza la kutunga sheria, nitauliza wako wapi." Askari aliyekuwa mlangoni alitazama viatu vyake.

Sasa nikueleze Wanjiru, maana habari yote inamhusu yeye. Wanjiru ni mchuma kahawa hapa shambani, mtu wa huku huku, anaishi kwenye kijiji kile ambacho serikali imekizungushia handaki na miiba tangu vita vya msituni vianze. Mumewe Njoroge alikuwa utingo wa lori. Alikamatwa Nairobi katika ule msako mkubwa, akapelekwa kambi ya kizuizini, kisha nyingine, kisha nyingine, halafu barua zikakoma. Wanjiru alikuwa akija zahanati kuoshwa kidonda cha mguu alichochomwa na kisiki cha mti wa kahawa. Wakikuyu wengi huku hawana kura kabisa, kwa sababu lazima mtu awe na cheti kwamba ni mwaminifu kwa serikali, na mke wa Njoroge nani angempa cheti hicho?

Jumatatu nilikuwa namfunga bandeji, huku nasimulia ya Thika kama ninavyosimulia kila kitu. Nilipofika kwenye maneno ya mkulima, mguu wa Wanjiru ukakazana mikononi mwangu.

"Rudia hiyo, Sista."

Nikarudia.

"Atauliza wako wapi? Mbele ya Wazungu?"

"Ndivyo alivyosema."

Nikamaliza kufunga. Kisha akasema, "Sista, wewe iko na tatu. Mimi hapana na hata moja. Nikopeshe moja."

"Wanjiru, kura haikopeshwi."

"Kwa nini? Chumvi unanikopesha. Sindano ya kushona unanikopesha. Hii utatumia yote tatu wewe peke yako?"

Baba, mimi nikajitia kukusanya pamba na mkasi. Alishuka kwenye benchi, akajifunga kikapu chake kiunoni, akageuka mlangoni. "Mimi nitarudisha. Siku nikipata yangu, nitarudisha."

Kutoka siku hiyo nilikuwa na watu wawili wananidai, wala sikujua kama ni haki yao kudai. Elija kila asubuhi akinywa chai ananikumbusha, "Zote nne, Mama Kadenyi, nimetoa neno langu." Wanjiru yeye hakunikumbusha hata mara moja. Alikuja akaoshwa kidonda, akasema asante, akaenda. Nilitamani angenisumbua kidogo nipate sababu ya kumkatalia.

Siku ya kura tulikwenda pamoja, mimi na Elija, tumevaa nguo za kanisani. Mlangoni akaninong'oneza, "Zote." Nikaingia nyuma ya pazia. Hili ndilo jibu la swali lako, Baba. Moja nilimpa mwenye miwani, kwa sababu Elija ni mume wangu na neno lake lilikwisha toka. Moja nilimpa mwalimu, kwa sababu ndiye niliyemtaka mimi. Ya tatu niliishika mpaka karani akakohoa huko nje, maana niliona nikimwongezea mwalimu itakuwa haki yangu kabisa na hakuna atakayejua. Lakini ningemwosha Wanjiru kidonda kwa uso gani? Nikampa mkulima.

Elija anaamini zilikuwa nne. Kwa hiyo nakuomba sana, ukinijibu usiguse jambo hili hata kwa mafumbo. Barua zako huzisoma yeye kwa sauti baada ya chakula, na huwa anarudia sehemu anazozipenda.

Matokeo tuliyasikia kwenye redio ya duka la Mhindi hapa Ruiru. Watu walijaa mpaka barabarani, na nilichoshangaa ni kwamba wengi wao walikuwa wale wasio na kura. Wenye kura walikuja wakitembea polepole kama wageni wa harusi. Wasio nazo walikuwa wamefika mapema wakashika nafasi za mbele. Kwa nini iwe hivyo, Baba? Hata huko kwenu ilikuwa hivyo? Jina la mwenye miwani liliposomwa Elija aliruka, akawapa watu mikono, akapiga kelele, "Zile nne! Zile nne zimefanya kazi!" Mafua yake yalipona saa ile ile, yakarudi kesho yake.

Wengine walikaa wakitafakari. Mpishi wa bwana shamba alitaka kujua huyo Mwafrika aliyechaguliwa atakaa kiti cha namna gani, na kama ni sawa na vya Wazungu au kitakuwa kifupi. Mzee mmoja wa ulinzi wa kijiji, ambaye ana cheti na alipiga kura, aliuliza kama kodi itaendelea. Mwenzake akamjibu, "Sasa utalipa kwa furaha." Walicheka, lakini yule mzee hakucheka, aliendelea kuuliza mtu baada ya mtu. Wachuma kahawa walikuwa wakisubiri kuona kama Jumatatu kengele italia saa ile ile. Ililia saa ile ile. Madebe yalijazwa, Elija akagomba, kahawa ikaoshwa.

Mimi redioni nilikuwa nasikiliza hesabu za mkulima. Alishindwa, Baba. Mwalimu wangu ndiye alikuwa wa mwisho kabisa, na niliona uchungu, lakini uchungu huo niliusahau upesi kwa kufikiria asubuhi ya zahanati. Niliogopa kumwona Wanjiru. Nilijua wanawake wa kijijini hawaruhusiwi kutoka jioni kusikiliza redio, kwa hiyo mimi ndiye nitakayemwambia. Nilipanga maneno usiku mzima kichwani, na yote yalikuwa mabaya.

Alikuja wa kwanza. Kidonda kilikuwa kimekwisha kufunga kitambo, lakini alikaa kwenye benchi akanyoosha mguu, nami nikamimina maji vuguvugu kwenye karai kama kawaida nikauosha.

"Ameanguka?" akaniuliza.

"Ameanguka, Wanjiru. Pole sana."

Akatazama maji. Nami machozi yalikuwa karibu, nikainamia mguu wake nisionekane.

"Sasa ya yule anaanguka wanatupa?"

"Nini?"

"Kura zake. Wanatupa? Ama wanachoma?"

"Hawatupi. Wanahesabu zote. Jana redio imesoma hesabu yake, watu wote wamesikia."

"Hata yangu?"

"Hata yako."

"Kwa redio?"

"Kwa redio, Wanjiru."

Akaniomba nimwambie hiyo hesabu. Nikamwambia. Ni namba ndefu na yeye hakusoma, akaniomba niirudie polepole, nikairudia, naye akawa anaifuata kwa midomo kama mtoto anayejifunza sala. Alikosea, tukaanza upya. Alipoweza kuisema bila mimi, akautoa mguu kwenye karai, akaupangusa kwa khanga yake, akasema, "Ngai," yaani Mungu kwa lugha yao, basi, akaenda kazini.

Dirisha la zahanati linatazama shamba la kahawa. Nikawaona wanawake wameuacha mstari wao wamemzunguka, naye anawaambia hesabu ile, ameshika kidole kimoja juu. Mmoja akamwuliza kwa sauti, "Na yako ni gani hapo ndani?"

Wanjiru hakufikiri hata kidogo. "Yangu ni ile ya mwisho," akasema. "Ukiitoa, hesabu ni ya uwongo."

Nilikaa kwenye lile benchi, Baba, nikalia vizuri. Njoroge hajulikani alipo hata leo. Huyo aliyeshinda atauliza au hatauliza, nani ajuaye? Elija anasema atamwandikia barua kuhusu bei ya mabuti ya wafanyakazi, kwa kuwa anamdai jogoo. Nimemwambia akiandika aongeze jina la Njoroge. Amenitazama sana, kisha amesema ataongeza. Sijui kama ameanza kushuku jambo.

Nisalimie Mama, na umwambie kitambaa alichonitumia nimemshonea Kadenyi gauni. Msalimie shangazi anayekaa mtoni, na kaka yangu mkubwa, umwambie aache kujivunia kura zake mbili kwa kuwa mimi bado nina tatu. Wasalimie wazee wale waliocheka. Wasalimie kwa majina yao.

Wanjiru naye amenituma nikusalimu. Anajua kwamba wewe ndiye uliyenisomesha, na anasema basi kura yake ilitoka kwako. Jana ameniambia tena kuwa hajasahau, siku atakayopata yake ya kwanza ataileta kwangu niseme apewe nani, maana alikopa. Nimemkatalia. Nimemwambia siku hiyo aingie nyuma ya pazia peke yake, achague amtakaye, asimwulize mtu. Ameniuliza, "Na deni?" Nikamwambia akifanya hivyo atakuwa ameshalipa.

Mungu akutunze goti na moyo, mpaka nipate likizo nije nikae nawe jikoni unisimulie yote uliyoyaficha kwenye barua.

Ni mimi binti yako,
Kageha