Suruali Isiyo na Mkanda

Jumamosi, 8 Machi

Kitanda kimepatikana! Daktari amepiga simu mwenyewe asubuhi, mimi bado nina povu la dawa ya meno mdomoni. Jumatatu ya tarehe 17, saa tatu. Hospitali binafsi ya afya ya akili, wiki nne, bima imekubali. Nikikataa anapewa mwingine, na foleni ni ya miezi.

Mke wangu — hapa nyumbani ni Meneja, cheo kajipa mwenyewe — alinishika mashavu kama mtoto aliyefaulu mtihani. Kisha akaingia bafuni akafungulia bomba. Namjua. Bomba ni la kuficha kilio.

Naandika kwa sababu daktari kasema niandike chochote, hakuna wa kusoma. Basi niseme kweli. Tangu mwaka uishe sishoni. Nakaa mbele ya cherehani, nashika mkasi, natazama kitambaa mpaka giza linaingia. Silali. Mteja akija namtania, anacheka, anaondoka bila nguo yake, tena anashukuru! Mwezi uliopita nikamwambia Meneja kwamba naona afadhali nisingekuwepo. Nilisema huku natabasamu. Yeye hakutabasamu. Kesho yake tukawa kwa daktari.

Na leo nina furaha. Maajabu! Mtu kapata kitanda cha hospitali, anafurahi kama kapata kiwanja.

Jumapili, 9 Machi

Nesi wa wodi amepiga kunieleza cha kubeba na cha kuacha. Sauti nzuri, ya mtu aliyekwisha kuona mengi. Mkanda hapana. Kamba za viatu hapana. Kioo hapana. Wembe unakaa kwake. Suruali yenye kamba kiunoni hapana.

Nikamwuliza, sasa hiyo suruali inashikiliwa na nini?

Akasema wengi wanashika kwa mkono, baba.

Nilicheka mpaka Meneja akaja kuangalia. Hebu fikiria! Mtu yuko kwenye korido, kashika suruali. Daktari anakuja, ananyoosha mkono. Mgonjwa afanye nini — amnyime daktari mkono au amwonyeshe chupi? Nesi naye akacheka, akakiri limeshatokea. Nikauliza kuhusu lastiki. Lastiki iliyoshonewa ndani, ruksa.

Usiku nimekuwa nikiifikiria ile suruali. Si huzuni. Nafikiria kiuno chake.

Jumatatu, 10 Machi

Nimefungua duka. Kati yangu na kinyozi kuna ukuta wa mbao nyembamba, akipiga chafya mimi ndiye ninayesema afya. Watu wanamwita Wembe. Nimemwambia ninakokwenda. Nilidhani atanyamaza, au ataanza kuniongelesha kwa upole kama mfiwa.

Aliuliza tu kama huko wana kinyozi.

Nikasema sijui. Akasema niulize, na kama hawana nisikubali kukatwa na nesi, nitarudi nafanana na papai. Basi! Mambo niliyoyabeba kama gunia miezi yote hii, yamekwisha kwa papai.

Jumanne, 11 Machi

NIMEKATA!

Nilichukua kile kitambaa cha kijivu, pamba nzito, hakikunjamani ovyo. Nikakitandaza. Nikapiga chaki. Mkono ukasita kidogo kwenye nyonga, halafu ukakumbuka. Kiuno kipana, mbele kimelala bapa na vifungo viwili, lastiki imejificha nyuma tu, isimfanye mtu mzima aonekane kavaa nepi. Mifuko miwili. Mtu akiwa na pa kuweka mikono, anakuwa na heshima.

Meneja alileta chakula mchana. Kumbe aliisikia cherehani tangu kona ya barabara, akadhani ni ya jirani. Alipofika mlangoni akasimama na bakuli. Sikunyanyua kichwa, nilikuwa kwenye mshono wa katikati, huo haungoji mtu. Nilipomaliza nikamkuta amekaa chini sakafuni, juu ya vipande vya vitambaa, anakula chakula changu.

Nikamwambia, Meneja, hicho ni changu. Akasema ashone kwanza mwenye njaa. Haina maana yoyote! Tulicheka kama wendawazimu. Neno limenitoka, na sifuti.

Jumatano, 12 Machi

Nimelala. Usiku mzima. Nimeamka na alama ya mto shavuni.

Nimempigia nesi kumweleza wazo langu: nishone na za akiba, za wale wanaoshika kwa mkono. Saizi mbalimbali, sita pamoja na yangu. Akasema baba, tutashukuru sana. Nimemaliza moja kabla ya chai. Nilikuwa naimba. Wembe aligonga ukuta akaniomba niimbe au nishone, nikifanya vyote viwili wateja wake wanatikisa vichwa, atakuja kumkata mtu sikio.

Alhamisi, 13 Machi

Leo kuna jambo.

Mwalimu mkuu kachukua koti lake, lile la tangu mwaka jana. Akageuka mbele ya kioo mara ngapi sijui, akasema fundi umerudi. Muuza vitambaa naye kasema uso umejaa. Mpaka mimi nikajitazama. Kweli! Nimenawiri. Nala, nalala, nashona, natania. Sasa mgonjwa hapa ni nani?

Wakati wa chakula cha jioni Meneja akazungusha kijiko kwenye sahani muda mrefu. Kisha akasema, labda tungoje kidogo, mume wangu. Kama Mungu kashajibu, hospitali ya nini?

Moyo wangu uliruka. Sikutaka kuonyesha ulivyoruka. Nikajifanya nafikiri.

Tukampigia daktari, simu imewekwa mezani kati yetu. Hakushangaa hata chembe. Alisema watu wengi hupona wakishapewa kitanda, ameona wengi. Aliniuliza nafuu hii ilianza lini. Jumamosi, nikasema. Akauliza Jumamosi kulitokea nini. Nikasema ulipiga simu. Akasema: umefurahi kwa sababu unakwenda. Usipokwenda, hiyo furaha itasimama wapi?

Mtu kama huyu ni wa kukasirikia. Meneja kaondoa vyombo. Mimi bado nadhani nimepona.

Ijumaa, 14 Machi

Nimekwenda kunyolewa. Nilikaa kwenye kiti cha Wembe, kitambaa shingoni, nikamweleza ya jana. Nilitaka aniunge mkono. Nikamwambia tazama, nimejishonea, nimejitibu mwenyewe, mambo kwisha.

Akaninyoa upande wa kushoto wote. Halafu akageuza kichwa chake, akanionyesha kisogo. Nani kaninyoa hapa, akauliza. Nikasema sijui. Akasema ni yule mpinzani wake wa ng'ambo ya barabara, yule anayemsema kila siku kwamba hajui kazi! Kila baada ya wiki mbili anavuka kwa aibu, anakaa, anatoa kichwa. Kinyozi hajinyoi, fundi. Nina mashine, nina vioo pande zote, na kisogo changu siwezi kukiona.

Methali hiyo nimeisikia tangu utotoni. Leo ndiyo nimemwona mwenyewe mwenye kisogo.

Nilicheka njia nzima, hatua chache mpaka dukani kwangu. Nimekasirika vilevile. Kila mtu wiki hii ana hekima, mimi peke yangu ndiye nina furaha.

Wembe kasema Jumatatu atatupeleka kwa gari lake. Sikumwomba.

Jumapili, 16 Machi

Asubuhi sikuinuka. Hakuna lililotokea. Nilifungua macho, na kile kizito kilikuwa kimekaa kifuani, kimestarehe, kama mgeni anayejua nyumba. Chai ikapoa. Meneja akaja, akalala kando yangu na nguo zake za kutokea, viatu na vyote. Hakusema tungoje. Hakusema twende.

Mchana kikaondoka chenyewe.

Jioni tumefunga begi, kwa vicheko! Meneja kakagua kama afisa wa forodha. Katoa viatu vya kamba, kaweka ndala. Kachomoa kamba ya kofia ya sweta, imetoka ndefu, akaizungusha mkononi akauliza hii ilikuwa inafanya kazi gani siku zote hizi. Ameweka picha yake bila fremu. Kasema nikitazama picha hiyo nimkumbuke anavyochukia wanaume wanaoacha taulo kitandani. Nimeahidi kuacha taulo kitandani, ili wajue natoka kwa mtu.

Nampenda. Miezi yote hii nilikuwa najua tu kwamba nampenda. Leo nimehisi.

Jumatatu, 17 Machi

Niko mapokezi. Benchi refu la plastiki, ukuta rangi ya maziwa, feni inazunguka bila haraka. Meneja yuko kando yangu, begi mapajani.

Kimetokea kichekesho na sijui nikifanye nini.

Nimeingia nimenyolewa, shati la pasi, furushi la suruali begani. Nimemsalimia dada wa mapokezi, nikamtania kwamba meza yake ni kubwa kuliko duka langu. Akacheka. Akaona furushi. Akasema aa, kumbe wewe ndiye fundi! Nesi alituambia utaleta. Akazipokea kwa mikono miwili, akaita mwenzake aje aone mshono, wakasifia mifuko. Halafu akaomba samahani, kama tunaweza kusogeza gari letu pale mlangoni, maana kuna mgonjwa anategemewa saa tatu.

Wembe yuko nje, injini inanguruma. Mlango uko wazi. Jua ni zuri. Najisikia mzima, mzima kuliko huyu dada! Ni kusema tu haya dada, tunasogeza. Tungesogeza mpaka nyumbani.

Nimemtazama Meneja. Amekumbatia begi. Akaninong'oneza kwamba hili halijibu yeye.

Utani uko kwenye ncha ya ulimi, mzuri kweli, ungemuangusha mtu.

Dada kahesabu suruali. Kahesabu tena. Akaniita, fundi, nesi aliandika sita, hapa naona tano.

Nikainuka, nikaenda mpaka mezani. Nikamwambia ya sita nimeivaa.

Alicheka! Akapiga meza, akasema fundi una vituko wewe. Nikamngoja amalize. Nikarudia: ya sita nimeivaa, dada.

Akanitazama usoni. Akatazama kiuno changu. Akatazama saa ukutani.

Nimerudi benchi, Meneja kanishika mkono, naandika kwa huu mwingine. Nje Wembe kazima injini. Dada kaweka kalamu chini. Ameinuka, anazunguka meza, anakuja upande wetu taratibu, na mimi bado sijacheka.