Dola Niliyoisugua kwa Ndimu

Mjukuu wangu Mwanaisha,

Hapa mtaani Sanyuanli hatujambo, na goti la babu yako limepoa. Umeuliza kwa nini ile dola ya fedha niliyokupa inang'aa upande mmoja na upande wa pili ni nyeusi.

Nilipokuwa mwanafunzi hapa Guangzhou, China, nilipanga chumba kwa Mzee Liang. Alikusanya dola za kale za Marekani, zilizoletwa huku zamani kununulia chai. Kila moja ilikuwa na karatasi yenye majina ya waliowahi kuimiliki. Aliposafiri akaniachia hii nimtunzie. Nami kwa kutaka kumfurahisha nikaisugua kwa ndimu na majivu, kama mama alivyosugua bangili zake. Alirudi nikiwa nimemaliza upande mmoja.

Akanieleza kwamba ule weusi wa miaka mingi ndio wakusanyaji wa sarafu huutafuta, na ukisuguliwa thamani hushuka. Mimi nikalia. Akachukua kalamu, akaandika chini ya majina yale: "Zuhura, aliyeiosha." Kisha akanipa iwe yangu.

Namshukuru mpaka leo. Karatasi yenyewe nimeitia humu. Andika jina lako chini ya langu, na ndimu zako utie kwenye samaki.

Bibi yako,
Zuhura