Radi za Amani

Jumatano, Chumbageni

Wamechomoa tena. Mtambo wetu wa kubana data ni programu tu ndani ya seva, na pacha wake yuko shule ya Amani. Huo wa kule ukizimwa ghafla huharibika, nami huusimika upya kutoka huku.

Nilimpigia Mwanaidi, mwanafunzi anayeuangalia kule. "Radi, shoga! Bibi wa jikoni kasema tuchomoe kila kitu, hata pasi ya mwalimu."

Nilicheka, kisha nikalia. Hawana mwalimu wa fizikia; humfuata wa shule yetu kwa video, na kwa mtandao wao dhaifu, bila mtambo picha huganda. Kesho ni somo la mwisho kabla ya mtihani.

Nikaanza upya. Kazi ilipokaribia kwisha, radi ikapiga tena. "Nimeushika waya," akasema Mwanaidi, "hachomoi mtu."

Nikamwambia achomoe; uhai wake kwanza. Alfajiri tutajaribu tena kabla ya somo, inshallah, ikiwa radi zitatulia.