Fomu Yenye Jina la Dada

Cwm Helyg, 29 Desemba 1979

Mdogo wangu Idwal,

Habari za huko Bala? Wifi Doreen amepona mafua? Sisi hatujambo. Mguu wa Mama bado haukanyagi chini, lakini anakula vizuri, na ule mkate wa zabibu ulioleta ameumaliza peke yake.

Naandika juu ya televisheni. Mkesha wa Krismasi nilikuambia kwa mdomo, sasa nasema kwa maandishi ili yasibaki maneno ya jikoni. Oktoba niliweka sahihi pamoja na wenzangu kwamba sitalipa leseni ya televisheni mpaka serikali itupe kituo cha lugha yetu ya Kiwelshi kama ilivyoahidi. Wenzangu wamebaki na televisheni zao, wanangoja kushtakiwa. Mimi siwezi. Nikifungwa, nani atamgeuza Mama kitandani? Ndiyo maana televisheni yangu niliirudisha nilikoikodi. Nyumba isiyo na televisheni haidaiwi leseni, na mimi nilikuwa nimeshamalizana nao.

Sasa ipo nyingine, hii uliyotuletea wewe, na Mama anaitazama tangu asubuhi. Kiingereza haelewi, anacheka na farasi wa mashindano. Siwezi kumnyang'anya. Ulisema, "Leseni niachie mimi, Dada, hii ni mali ya duka." Nimekubali kwa neno lako hilo.

Dada yako,
Eluned


Bala, 5 Januari 1980

Dada Eluned,

Shikamoo. Huku wazima. Mafua ya Doreen yamekwisha, sasa amerudi kunisema.

Wasiwasi wa nini? Televisheni ni ya duka, duka ni langu. Mwache Mama na farasi wake.

Lakini na mimi nina ombi. Tangu Novemba, kila Jumamosi mnasimama mbele ya dirisha langu na mabango, mnawaambia wateja wangu wasilipe leseni. Doreen anauliza, "Yule si dada yako?" Namjibu ni mtu anayefanana naye. Hamieni kwa mchinjaji, Dada. Yeye naye ana dirisha.

Msalimie Mama.

Mdogo wako,
Idwal


Cwm Helyg, 22 Machi 1980

Mdogo wangu Idwal,

Natumaini mu wazima. Mama hajambo.

Jumanne, saa nne asubuhi, alikuja mtu wa leseni. Alikuwa na karatasi mkononi. Aliniuliza kama mimi ndiye Bi Eluned Parry. Alieleza kwamba sheria inamtaka kila mwenye duka la televisheni kupeleka jina na anwani ya yeyote anayepewa televisheni, auziwe au akodishiwe, na kwamba jina langu limepelekwa. Tulipokuwa tunazungumza mlangoni, farasi walikuwa wanasikika kutoka chumbani kwa Mama. Sikumdanganya. Nitafika mahakamani mwezi wa Mei.

Duka ni lako, ulisema. Nani ameandika jina langu?

Dada yako,
Eluned


Bala, 2 Aprili 1980

Dada,

Shikamoo, na pole. Itakuwa ni kosa la karani; Krismasi tulikuwa na kazi nyingi.

Ila mbona unalikuza jambo? Lipa leseni yaishe. Ukiona aibu, nitakulipia mimi kimya kimya, hao wenzako hawatajua.

Mdogo wako,
Idwal


Bala, 19 Juni 1980
(kwa mfungwa E. Parry, gereza la wanawake)

Dada,

Sijui mtu aliyeko huko anasalimiwaje. Natumaini mnalala mahali pakavu.

Mahakimu walikutoza faini ukakataa kulipa. Wakakupa wiki mbili ufikiri, ukarudi ukakataa tena. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma, hundi na kalamu mkononi, tayari kulipa. Ukageuka ukasema mbele ya watu wote, "Ukilipa, wewe si ndugu yangu." Haya, siku kumi na nne hizo umezipata.

Daktari aliuliza nani yuko na Mama. Nikamjibu hakuna mtu. Heulwen wa jirani alijitolea kumchukua, nikaona ni kumtwisha mzigo. Kwa hiyo Jumatatu nilimpeleka Mama kwenye nyumba ya wazee huko pwani, Rhyl. Chumba ni safi na kinatazama bahari. Wahudumu wanajua Kiingereza tu, lakini ni watu wa tabasamu. Nimeweka sahihi mimi, kama mwanawe.

Ukitoka tutazungumza.

Mdogo wako,
Idwal


Cwm Helyg, 1 Julai 1980

Idwal,

Mimi ni mzima. Hali yako siiulizi.

Siku niliyotoka nilikwenda Rhyl moja kwa moja. Mama alikuwa kwenye duara la viti na wazee wengine kumi na tisa, mbele ya televisheni. Alinishika mkono akaniuliza kwa sauti ya chini amefanya kosa gani. Nilisema nimekuja kumchukua. Wakasema haiwezekani, sahihi ni ya mwanawe.

Mahakamani waliisoma fomu, na nakala yake ninayo hapa mezani. Imeandikwa tarehe 3 Desemba. Televisheni uliileta tarehe 24. Uliandika jina langu wiki tatu kabla ya kuleta zawadi. Mwandiko si wa karani, Idwal. Mimi ndiye niliyekufundisha kuandika.

Kuna la pili. Mtu wa leseni alisema fomu iliyotoka dukani kwako kwa kijiji hiki ni moja tu. Jana nimezunguka nikahesabu mapaa. Antena ulizofunga wewe, ukiacha ya Mama, ni kumi na moja. Kumi na mmoja umewaficha, dada yako ukamtoa.

Mrudishe Mama kabla ya Jumamosi. Usipomrudisha, hayo majina kumi na moja nitayapeleka mimi.

Dada yako,
Eluned


Bala, 3 Julai 1980

Dada,

Peleka. Anza na Heulwen, aliyekuletea soksi gerezani. Fuata na Gwilym wa Tŷ Isaf, aliyekulishia kuku siku zote kumi na nne. Nusu ya hao watu waliweka sahihi pamoja na wewe. Utawapeleka mahakamani wenzako? Huwezi. Nakujua.

Ndiyo, fomu niliijaza mimi, na niliijaza mapema. Ulinifedhehesha dirishani kwangu, nikataka ulipe leseni kama watu wengine na mdomo ufungwe. Gereza ulilichagua mwenyewe. Ulikuwa na nafasi mbili za kulipa urudi kwa Mama, ukazikataa zote mbili. Hilo usinibebeshe mimi.

Mama atakaa Rhyl mpaka uje uniombe radhi, siku ya soko, mbele ya dirisha lile lile.

Mdogo wako,
Idwal


Bala, 11 Agosti 1980

Dada Eluned,

Shikamoo. Natumaini hujambo. Nimekuandikia mara mbili hukujibu.

Umewaambia nini hao watu?

Jumamosi, soko limejaa, Gwilym alifika na trekta. Kwenye tela kulikuwa na televisheni kumi na moja, zote wamezikodi kwangu. Wakazishusha moja moja, bila haraka, wakazipanga mbele ya mlango wangu hata wateja wasiweze kupita. Nikamwambia Gwilym, "Mzee, hii ni njia ya watu." Akasema, "Na hizi ni mali za duka." Heulwen ndiye aliyenimaliza. Alipaza sauti ikasikika mpaka kwa mchinjaji: "Idwal, mwanangu, wewe dada yako wa tumbo moja umempeleka jela. Mimi jirani tu, utanipeleka wapi?" Soko zima likacheka. Doreen aliingia stoo akajifungia.

Leo zimerudi nyingine tisa, hata za watu wenye leseni. Kanisani wazee wenzangu wameniomba nisikae kiti cha mbele kwa sasa.

Inatosha, Dada. Jumamosi hii namleta Mama mwenyewe kwa gari. Waambie waache.

Mdogo wako,
Idwal


Cwm Helyg, 18 Agosti 1980

Idwal,

Umeuliza nimewaambia nini. Nilipita mlango kwa mlango na nakala ya fomu. Nikasema: Idwal ana majina yenu yote, na siku mtakayomuudhi mtapata kama hii. Sikuongeza neno. Trekta lilikuwa wazo la Gwilym.

Mama ulimshusha getini ukaondoka, kwa hiyo hukumsikia. Amekaa huko wiki tisa, amerudi na maneno mawili ya Kiingereza, samahani na asante. Anayasema kwa kila kitu. Nikimpa chai, asante. Nikimgeuza, samahani. Kiwelshi anakisema kwa kunong'ona, na kwanza anatazama mlangoni. Ana miaka themanini na mbili na yuko jikoni kwake.

Wanaokuja kurudisha televisheni siwazuii. Wana miguu yao.

Ukitaka kumwona Mama, simama kanisani Jumapili yoyote, watu wakiwa wamekaa, utaje tarehe ya fomu na tarehe ya zawadi. Sihitaji hotuba. Kabla ya hapo, geti limefungwa.

Dada yako,
Eluned


Bala, 15 Desemba 1980

Dada Eluned,

Shikamoo. Natumaini baridi haijawaumiza, na kwamba Mama anakula.

Duka nimelifunga mwezi uliopita. Kabla ya mwaka mpya tunahamia Chester, kwa ndugu zake Doreen. Serikali nayo ilikubali tangu Septemba, kituo mtapewa. Mmeshinda kila upande. Nilidhani ukishinda utapoa.

Kusimama kanisani nimeshindwa. Mara mbili nilifika mpaka mlangoni, miguu ikakataa. Lakini jana, watu walipokuwa wametoka kwenye ibada, nilikuja nikasimama getini kwako. Sikubisha, sikuita. Mama alikuwa kwenye kiti dirishani, na blanketi magotini. Aliniona, Dada. Aliinua mkono. Kisha ukaja ukafunga pazia.

Silalamiki juu ya pazia. Mkono wake nimeuona, nitaondoka nao Chester. Kama hutaki kujibu, usijibu.

Mdogo wako,
Idwal


Cwm Helyg, 19 Desemba 1980

Idwal,

Sisi wazima. Mama anakula.

Serikali ilikiri kwamba ilivunja ahadi, nikaachana nayo. Wewe umekiri tu kwamba una miguu inayokataa.

Macho ya Mama hayafiki getini siku hizi. Aliona mtu amesimama, akaniuliza ni nani. Nilimwambia ni mtu wa leseni.

Ndipo akainua mkono. Alikuwa anakufukuza.

Dada yako,
Eluned