Dole Gumba la Muhsini

Jumanne, 10 Juni 2025

Leo nimekuta asali mpya dukani kwa Gaspari. Shelfu ya katikati — ile ya usawa wa macho, niliyoipigania miaka mitatu! Yangu imeshushwa chini, karibu na dawa za mbu. Chupa zake za pembe sita, mfuniko rangi ya dhahabu, lebo inang'aa mpaka inaudhi. Imeandikwa "Zena Honey". Honey! Songea hapa! Anamwandikia nani?

Gaspari ndiye anayesambaza bidhaa zetu sisi wadogo hadi Njombe na Makambako. Bila gari lake mimi na chupa zangu tungebaki kuuzia majirani. Nikamwuliza kwa upole kabisa, hii ya nani? Akasema ya binti mmoja katoka Dodoma, msomi, amefungua ofisi Bombambili. Akasema anajituma sana.

Anajituma! Mimi miaka tisa nachuja asali mpaka nyusi zinanata, sijasikia hata siku moja mtu akisema Judica anajituma.

Nimerudi bila dawa ya meno niliyoendea.

Alhamisi, 12 Juni

Nimenunua chupa yake. Nimemtuma jirani, mimi nisionekane. Nyeusi, kama chai ya rangi iliyokolea. Nikaonja kijiko kimoja nikitafuta kasoro. Nikaonja cha pili. Cha tano nikafunga mfuniko kwa hasira. Tamu! Utamu ule unaobaki chini ya ulimi, wenye harufu ya moshi kwa mbali. Nimeificha nyuma ya ndoo ya sembe.

Jioni Dennis — mume wangu mwenyewe! — kaifukunyua, kaipaka kwenye mkate. "Mama Eliya, safari hii umepatia." Nimemwambia ale anyamaze. Mpaka sasa hajui kosa lake.

Jumamosi, 14 Juni

Muhsini kapiga simu kutoka Mbesa. Ndoo ishirini zinapakiwa Jumatatu. Roho imetulia kidogo. Zena awe na chupa za pembe sita, za pembe mia, lakini Muhsini hana. Muhsini ni wangu.

Wafuga nyuki wenzake wako thelathini na mmoja, yeye ndiye mwenyekiti wao, na kila ndoo inayotoka kule anaifunga kwa mkono wake. Anayeyusha nta, anaimimina ukingoni mwa mfuniko, kabla haijakauka anabonyeza dole gumba. Dole lenyewe lina kovu la panga, limekatiza katikati, hakuna wa kuliiga. Ndoo isiyo na dole hilo siipokei hata ikiletwa na malaika.

Hatujawahi kuandikiana mkataba. Mama yangu alipofariki, Muhsini alipanda basi juu ya basi mpaka Same, akakaa msibani siku mbili. Muislamu wa watu, kasimama nyuma kanisani, kofia mkononi. Baada ya hapo nimwambie asaini karatasi?

Jumatatu, 16 Juni

Gaspari kaniita ofisini. Kanipa na soda, nikajua tu kuna jambo.

Eti msimu ujao Njombe na Makambako tugawane, mimi na huyo Zena, nusu kwa nusu. Eti tushirikiane. Oda ya chupa kutoka Dar tuagize pamoja, tupakie gari moja, tupime maabara kwa safari moja. Mtakuwa na nguvu, anasema. Zena alishakubali siku nyingi, kasema itakuwa heshima kwake kufanya kazi na dada Judica. Heshima! Kaniona bibi wa kupokelewa mzigo.

Hapo ulimi ukateleza. Hapana, haukuteleza. Niandike ukweli, hiki kitabu hasomi mtu. Nilimwambia hivi: "Umemwuliza lakini ile rangi kaipata wapi? Sukari guru ikichemshwa huwa hivyohivyo." Basi. Nikacheka kidogo, nikamalizia soda yangu.

Gaspari hakucheka. Akasema, mama, wewe ndiye unayeijua asali hapa mjini.

Nimerudi nyumbani nikapika pilau. Jumatatu!

Jumatano, 18 Juni

Zimeondolewa! Shelfu nzima! Zangu zimerudi katikati, na mtu kazifuta vumbi. Nimenunua samaki wawili wakubwa wa Mbamba Bay. Dennis kauliza leo sikukuu gani.

Ijumaa, 20 Juni

Zena kaja kwangu. Miguu yake mwenyewe, mlangoni pangu.

Nilikuwa nimemchora kichwani: mrefu, kucha ndefu, anatafuna Kiingereza. Kumbe kabinti kafupi, kamevaa sweta la baridi linalompwaya, macho mekundu. "Shikamoo dada Judica." Shikamoo! Nina miaka arobaini na tatu! Nikaitika.

Kasema kuna mtu kamwambia Gaspari asali yake ni ya kuchakachua. Gaspari hamtaji mtu huyo. Zena anasema kapekua kila kitu kwake, haoni kosa. Niende stoo kwake niitazame, niionje, nimwambie palipoharibika. "Dada, sina mwingine wa kumwuliza."

Ningesema naumwa kichwa. Mtu mwenye akili angesema anaumwa kichwa. Lakini kijicho kilinibeba — nilitaka kuiona hiyo stoo! Na nimeiona. Vigae mpaka ukutani. Chombo cha kuchujia cha chuma kisichoshika kutu, kina bomba na koki yake. Mimi natumia kitambaa cha neti. Nikatabasamu mpaka taya zikauma.

Kisha kona ya mwisho, ndoo. Kumi na mbili, zimepangwa. Nikainama kusoma tarehe. Ukingoni mwa mfuniko, nta. Kwenye nta, dole gumba. Kwenye dole, kovu.

Ya pili hivyohivyo. Ya tatu. Nilizipitia zote kumi na mbili, kama mke aliyeona shati la mumewe limeanikwa kwenye kamba ya jirani.

Nikamwuliza zinatoka wapi. "Mbesa, kwa kaka Muhsini. Hajakwambia?"

Kaka Muhsini!

Nikasema nina haraka. Kanisindikiza mpaka barabarani, ananishukuru.

Jumamosi, 21 Juni

Nimempigia Muhsini kabla hata ya chai. Sikumsalimu. Mnafiki mkubwa, nikamwambia. Miaka tisa! Umelia kwenye msiba wa mama yangu, kumbe una wawili! Nikamwambia na mengine ambayo siyaandiki.

Kaningoja mpaka nilipoishiwa pumzi. Halafu polepole, kama kawaida yake: "Dada, si wewe uliyeniambia ile nyeusi niitafutie mtu mwingine?"

Nikamwita mwongo. Nikakata simu.

Nikaja kwenye hiki kitabu. Nilitaka nimwoneshe, nimpigie tena nimsomee. Nikafunua nyuma, mwezi wa kwanza, nikavuka mpaka mwaka jana. Nikaikuta. Jumanne, 12 Novemba: "Muhsini kanibembeleza tena nichukue ile nyeusi ya msitu wa ndani. Wateja wangu wanataka ya njano. Nimemwambia aitafutie mtu mwingine, asinisumbue." Mwandiko wangu. Na "asinisumbue" nimeipigia mstari.

Kwa hiyo njano yote bado ananiletea mimi. Huyu binti kapewa nilichokikataa. Hajaninyang'anya kitu, na Muhsini hajaniibia kitu. Na bado naumia! Sikuitaka, ndiyo. Lakini sikutaka kusikia Gaspari akimsifia mwingine kwayo, wala Dennis akiilamba kwenye mkate.

Nimekaa nayo hiyo hasira mpaka mchana. Nilikuwa naosha vyombo ndipo likanijia lile jingine.

Asali niliyoiita sukari guru ni ya Muhsini.

Jumatatu, 23 Juni

Mambo yamekuwa mabaya.

Zena, katika kujitetea, kamwambia Gaspari asali inakotoka. Gaspari ni mtu wa tahadhari. Kaniita tena, safari hii hakuna soda. "Na yako mama, si ya hukohuko?" Nikasema ndiyo. Kasema basi, asali yote ya Mbesa inasimama mpaka ajue moja. Yangu na ya Zena. Ile shelfu sasa ina biskuti.

Nikafungua mdomo pale nimwambie. Nikaufunga. Nikamwulizia hali ya mke wake.

Adhuhuri Muhsini kapiga simu. Habari imefika Mbesa tayari, dereva wa gari la mizigo kaifikisha tangu jana. Alipotoka msikitini watu walikuwa wanamngoja, wanamwuliza mbele za wazee, Muhsini, mnachanganya sukari? Mkewe, Mwanaisha, kazomewa bombani. Mnunuzi mwingine wa Tunduru kasikia, naye kasema kwanza atafikiri. Watu thelathini na mmoja, mavuno yote yako ndani ya ndoo, na hakuna anayeyataka.

"Wallahi dada, hiyo sukari guru hata kuinunua sijawahi. Aliyesema haya ananijua kweli?"

Nikasema sijui.

Hakuyagusa hata kidogo yale matusi yangu ya Jumamosi. Angenitukana na yeye, ningepumua.

Jumatano, 25 Juni

Nimempigia Gaspari mara tatu, nikakata kabla haijaita. Dennis kauliza nina nini. Mafua, nimesema.

Zena katuma ujumbe. Anashukuru nilivyojitoa kwenda kuiangalia asali yake. Kaweka na ua jekundu. Sina hamu naye hata ya kumchukia.

Alhamisi, 26 Juni

Muhsini yuko sebuleni.

Kaingia Songea jana jioni, kalala kwa binamu yake Lizaboni, saa mbili asubuhi kabisha hodi. Shati jeupe limepigwa pasi. Kakonda. Kanipa pole ya mafua — Dennis huyo na mdomo wake! — akasema yale ya kwenye simu yameisha, mtu akiumia husema. Yeye ananiomba radhi! Eti angenitaarifu kwamba ile nyeusi imepata mtu, alikosea kunyamaza. Nikaingia huku chumbani nikisema natafuta khanga.

Saa nne tunakutana ofisini kwa Gaspari. Yeye, mimi, Zena. Gaspari kamwambia kwenye simu kwamba aliyesema maneno yale atakuwepo, na jina hatalitaja yeye. Muhsini anadhani ni Zena. Kawaza usiku kucha, anasema, labda binti alitaka bei ishuke. Anamwambia Dennis sasa hivi, namsikia. Dennis anasema vijana wa siku hizi hawa.

Ningeweza kunyamaza. Nimelifikiria, naliandika. Zena ni mgeni, hana wa kumtetea. Ningenyamaza tu, shelfu ingerudi kuwa yangu, na Muhsini angerudi kuwa wangu peke yangu.

Kaja na ndoo moja. Nyeusi. Ameifunga upya, nta bado safi, dole limezama vizuri. Anataka niifungue mimi mbele ya Gaspari, niionje mimi, niseme mimi. Kasema: "Songea nzima Gaspari anamwamini mtu mmoja kwa asali. Ukisema wewe ni safi, imekwisha." Hajui kwamba ni kweli kabisa. Hajui kwamba ndiyo maana tuko hapa.

Nimepata khanga. Sijaifunga.

Saa nne kasoro robo. Dennis anaita, mgeni amesimama. Muhsini anasema ndoo nitaibeba mimi, itapendeza Gaspari akiiona mikononi mwangu. Na kaongeza, pale mlangoni, kwa ile sauti yake ya taratibu:

"Tukifika, dada, wewe ndiye wa kuanza kusema."