Kabuti la Baba

Chanji, Sumbawanga

Kaka Adriano,

Shikamoo. Migebuka uliyotuma kutoka Wampembe imefika salama, na mama anasema samaki wa safari hii wanono kweli.

Ile ndege niliyokuwa naichonga imekamilika! Ni ile ya mizigo, aliyokuwa akiipakia baba wakati wa vita ya Kagera. Vipimo nilivitafuta mtandaoni, nikavipunguza vyote mara ishirini. Kisha nikampima baba, nikamchonga naye kwa kipimo kilekile, nikamsimamisha ubavuni mwa ndege kama kwenye picha yake ya jeshini.

Kaka, ikagoma! Pichani kofia yake imefika dirishani. Kwangu iliishia chini ya dirisha. Nikajua nimekosea ndege. Nikaivunja, nikachonga upya, ikatoka vilevile. Nusura niitie jikoni ichemshe maharage.

Mama akaingia ndani, akatoka na lile kabuti la jeshi. "Vaa, Baba Adriano." Pichani linamfika chini ya magoti. Sasa, na mgongo ulivyopinda, likafunika mpaka viatu! Baba akajitazama, akapiga saluti, akaanza gwaride uani huku kabuti linafagia. Mama alicheka mpaka akakaa chini.

Kumbe ndege ilikuwa sawa tangu mwanzo.

Nimechonga baba mwingine, mrefu kama wa pichani. Baba amemkalisha kwenye kiti cha rubani, eti vita imekwisha, nani atamkatalia? Yule mfupi amebaki chini, anamtazama.

Njoo Krismasi, kaka. Najua unampigia baba kila Jumapili, lakini simu haionyeshi urefu wa mtu.

Mdogo wako mwenye vumbi la mbao kichwani,
Bertha