Kipimo cha Kwanza

4 Februari

Baba yangu,

Shikamoo. Mimi mzima, ila mafua hayaniachi, maana mwenzangu wa meza ya pili anawasha kiyoyozi kana kwamba tunauza samaki. Wewe hujambo? Presha inasomaje? Kile kipimo nilichokutumia unakitumia kila asubuhi, au kimekuwa pambo la kabati? Nilishakuambia: kikipita mia na sitini, naacha kazi napanda ndege.

Uliniuliza kwa nini siku hizi nachelewa kutoka kazini. Programu yetu ndiyo inayoandikisha wagonjwa kwenye zahanati na kuwapa namba za mafaili. Kila tukibadilisha kitu, kompyuta inaifanyia programu majaribio madogo elfu mbili, kama wewe ulivyokuwa ukiwatahini madereva: simama hapa, geuza, rudi nyuma. Yote yakifaulu tunaona kijani, likifeli hata moja tunaona nyekundu. Sasa yanachukua dakika arobaini, na ni vigeugeu. Jaribio linafeli, unalirudia bila kugusa kitu, linafaulu. Mkuu wa kitengo amenipa mwezi niyatengeneze. Wenzangu wanasema nimepewa kazi ya kutwanga maji.

Nije nikuone?

Binti yako,
Kitindamimba

11 Februari

Mwanangu Kitinda,

Marahaba. Mimi mzima kabisa. Jana nimepanda ngazi nikabadilisha taa ya uani. Kushuka, kichwa kikazunguka kidogo, nadhani ni jua.

Hayo majaribio yasikupe homa. Mashine ina siku zake. Hata hiki kipimo chako kila asubuhi kinaanza na ubishi, kinanitolea namba za kutisha watoto. Sigombani nacho. Nanyoosha miguu, nanywa maji, narudia. Mara ya nne au ya tano chenyewe kinalainika. Leo kimekubali mia thelathini na moja, ndiyo hiyo nakuandikia. Nanyi rudieni tu, kijani mtaiona.

Kuja, hapana. Kazi haiachwi kwa ajili ya mzee mwenye nguvu zake. Kunywa maji ya moto hayo mafua yaondoke.

Baba yako

2 Machi

Baba,

Shikamoo. Mafua yameondoka, asante. Wewe u hali gani? Nijibu kweli, utaona kwa nini.

Majaribio yameshuka hadi dakika sita. Mengi yalikuwa yameandikwa yasubiri sekunde tano tano bila sababu, mtu aliogopa tu kwamba kompyuta itachelewa. Mengine yalikuwa yakiacha takataka zao mezani na linalofuata linazikuta, kama mwanafunzi wa udereva anayeondoa gari bila kurekebisha kiti na vioo vya aliyemtangulia, halafu tunashangaa kwa nini amegonga. Sasa kila moja linaanza kwenye meza safi.

Likabaki moja. Lilifeli mara moja katika ishirini hivi. Kila mtu aliniambia, lirudie, lina mambo yake. Nami nikawa nalirudia, siku tisa nzima. Juzi nikabadili mwendo. Nililiendesha mara mia mbili, nikaandika zile mara lilizofeli, zile lilizofaulu nikaziacha. Nikakuta kwamba wagonjwa wawili wakiandikishwa kwa wakati mmoja kabisa, programu inawapa namba moja. Faili moja, watu wawili, Baba. Mmoja angeweza kupewa dawa ya mwenzake. Tumepekua, hatujaona aliyedhurika, na leo tumeziba. Lakini jaribio lile halikuwa kigeugeu. Lilikuwa linasema kweli, na sisi tulikuwa tunalirudia mpaka linyamaze.

Nilipolifahamu hilo nikafungua tena barua yako, nikairudia ile habari ya mara ya nne na ya tano.

Mji mzima ulikuita Mzee Wiki Mbili. Ulimfelisha mjomba, kaka yake mama, kwa kugusa koni moja. Akakuomba arudie palepale, shemeji yako kabisa, ukamwambia aliyegonga amegonga, arudi baada ya wiki mbili. Mama alikununia mwezi. Sasa wewe huyohuyo unajirudisha barabarani mara tano kwa asubuhi moja?

Namba za kwanza ni ngapi, Baba? Na je, nije?

Binti yako

16 Machi

Baba,

Shikamoo. Wiki mbili kimya. Nikipiga simu unasema mtandao mbovu, unakata, na wakati huo namsikia yule jirani yako muuguzi akizungumza hapo pembeni vizuri tu. Sikukasirikii. Naogopa.

Kwa mara ya tatu nauliza: nije?

Mwanao

18 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Natumaini u mzima na unalala. Nisamehe kwa kimya. Barua yako ilinichoma, nikajiwekea sharti langu la zamani: wiki mbili, kipimo kimoja tu kila asubuhi, cha kwanza, naandika kwa wino kisha nakirudisha kabatini. Sikutaka kukujibu kabla sijamaliza. Mkono uliwasha kurudia, usinicheke.

Siku ya kwanza, mia sabini na nane. Ya pili, mia themanini na mbili. Siku ya tatu nikampelekea jirani karatasi. Alichukua mkoba wake akanipeleka kwa daktari. Nimepewa vidonge, na ngazi yangu jirani ameihamishia kwake. Leo asubuhi, mara moja tu: mia arobaini na tisa. Nimefeli bado, ila sasa naona njia.

Nilijua, Kitinda. Sikuwa mjinga wa kuamini namba ya tano. Mama yako alipougua uliacha chuo miezi minane ukamuuguza, na sikukusikia ukilalamika hata siku moja. Niliapa sitakuwa wa pili kukukatisha safari. Ndiyo maana nilikuwa nakitesa kile kipimo mpaka kiseme uongo ninaoutaka.

Kazi usiache, nakusihi. Hao wagonjwa wanakuhitaji. Lakini likizo ipo.

Umeniuliza mara tatu kama uje. Nimekaa na kalamu, najua vizuri jinsi ya kungoja mpaka jibu lilainike liwe hapana. Leo nakuandikia la kwanza, kama lilivyokuja. Njoo.

Baba yako,
mtahiniwa